Kwenye rafu dola 60, kaunta dola 64.80: hizo za juu ni za nani?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, sasa niko Columbus, Ohio, na huu ni mwezi wa tisa tangu nifike. Nina maswali mawili, ingawa naona kama ni moja. Kila nikinunua kitu, kaunta naambiwa bei tofauti na iliyoandikwa, na nyongeza yenyewe haina mpangilio: duka hili wanaongeza, lile hapana, chakula siku nyingine kina nyongeza na siku nyingine hakina. La pili, nashona na kuuza magauni ya vitenge. Nawauzia majirani, nauza Etsy (lile soko la mtandaoni), na sasa nimepata wateja Minnesota na Texas wanaoniagiza kwa simu. Rafiki yangu mmoja anasema natakiwa niwatoze wateja kodi. Mwingine anasema nisijisumbue mpaka mauzo yafike dola laki moja. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Kwa kuwa tayari unauza, nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate.

Marafiki zako wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja ameshika kipande chake. Gauni unalomuuzia jirani hapo Columbus lina kodi ya mauzo tangu lile la kwanza kabisa, wala hakuna kusubiri dola laki moja. Hiyo laki moja ipo, lakini ni ya muuzaji anayetuma mzigo kwenye jimbo asilokaa. Inakuhusu kwa Minnesota, haikuhusu kwa Ohio. Texas wameweka kiwango chao, dola laki tano. Na magauni yanayopitia Etsy, Etsy wenyewe wanamtoza mteja na kuipeleka kodi inakotakiwa. Wewe usiongeze chochote juu yake.

Hayo yanatosha kukuvusha wiki hii. Lakini ningependa uielewe kodi hii kwa undani, kwa sababu kesho utaleta mikoba, keshokutwa utaanza kuuza sambusa, na kila kitu kina sheria yake.

Tuanzie nyumbani. Tanzania Bara VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 18, na ukiingia duka la vitambaa pale Tanga, bei uliyotajiwa ndiyo utakayotoa. Kodi imo ndani, huioni. Kule kodi inakusanywa njiani: mwagizaji anatozwa bandarini, anapomuuzia wa jumla anatoza na kujirudishia alicholipa, wa jumla anafanya hivyohivyo kwa wa rejareja, mpaka mzigo unamfikia mama anayekwenda kushona. Kenya ni mtindo uleule kwa asilimia 16. Uganda, Rwanda na Kongo nao wana VAT.

Marekani hakuna VAT. Serikali kuu ya Washington haitozi kodi ya jumla kwenye mauzo, kazi hiyo ni ya majimbo. Nayo majimbo hayakusanyi njiani. Yanakaa mwisho wa safari na kumsubiri mtu mmoja tu, yule anayenunua kitu ili akitumie mwenyewe. Kiwanda kikimuuzia mtu wa jumla, hakuna kodi. Wa jumla akimuuzia mwenye duka, hakuna kodi. Mwenye duka akikuuzia wewe utakayevaa, hapo ndipo kodi yote inapoangukia, kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana kila mara unapouza au kununua, swali la kwanza ni hili: huyu anayenunua ndiye wa mwisho?

Swali la pili ni fedha hizo ni za nani. Sheria za majimbo mengi, Ohio likiwamo, zinamwona muuzaji kama mtu aliyekabidhiwa fedha za watu. Mzigo wa kodi ni wa mnunuzi, mwenye fedha ni jimbo, na wewe katikati umeshika amana. Ukilishika neno hilo la amana, mengi nitakayokueleza huko mbele yatakaa mahali pake.

Sasa nije kwenye mkanganyiko wako wa kaunta.

Majimbo 45 yana kodi ya mauzo, pamoja na mji mkuu wa Washington. Matano hayana: Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon. Hata hapo Alaska inabidi uangalie, maana jimbo halitozi ila miji inaruhusiwa, na Juneau inatoza asilimia 5. Kwa yale yanayotoza, kiwango cha jimbo kinaanzia asilimia 2.9 kule Colorado na kupanda hadi 7.25 kule California. Juu ya kiwango cha jimbo, mahali pengi kaunti, mji au shirika la usafiri nalo linaweka chake. Jimbo la New York linatoza asilimia 4 tu, lakini ukinunua ndani ya Jiji la New York unalipa 8.875. Majirani zako wa Indiana na Kentucky wamerahisisha mambo: Indiana ni 7 na Kentucky ni 6, jimbo zima, bila nyongeza za mitaa.

Ohio haikurahisisha. Jimbo linachukua asilimia 5.75, halafu kila kaunti ina yake. Kaunti ya Franklin, ambayo imebeba sehemu kubwa ya Columbus, ina asilimia 1.25, na shirika la mabasi la COTA lina asilimia 1. Jumla ni 8. Kabla ya Aprili 2025 ilikuwa 7.5, ikaongezwa nusu asilimia baada ya wapiga kura kuikubali nyongeza ya mabasi katika uchaguzi wa Novemba 2024. Kwa hiyo gauni la dola 60 linapata kodi ya dola 4.80. Katika hizo, dola 3.45 ni za jimbo, senti 75 ni za kaunti, na senti 60 ndizo zinazoendesha lile basi unalopanda asubuhi. Columbus yenyewe imevuka mipaka ya kaunti, vipande vyake vingine viko Kaunti ya Delaware na Kaunti ya Fairfield, na kila kaunti inajipangia kiwango chake. Ndiyo maana maduka mawili ya mji mmoja yanaweza kukupa hesabu mbili. (Kaunti hiyo ya Delaware usiichanganye na jimbo la Delaware lisilo na kodi. Nimeona watu wakidhani wamepata msamaha kwa kuendesha gari dakika ishirini.)

Hicho ndicho chanzo kimoja cha bei kutofautiana. Cha pili ni bidhaa yenyewe, na hapa kuna jambo la Ohio ambalo nadhani ndilo lililokuchanganya kwenye chakula.

Katiba ya Ohio inakataza kutoza kodi chakula kitakacholiwa nje ya mahali kilipouzwa. Kwa hiyo mchele, unga, nyama, mboga na maziwa ya dukani havina kodi. Lakini chakula kikiliwa palepale kilipouzwa, kinatozwa. Ukiingia mgahawa wa chakula cha haraka, keshia anakuuliza kama utakula hapa au utabeba. Wengi tunadhani anauliza ili ajue kama atie kwenye sinia au kwenye mfuko. Anauliza pia kwa ajili ya kodi. Kuku yuleyule, mafuta yaleyale, ukikaa mezani unaongezewa asilimia 8, ukibeba huongezewi. Soda hazimo kwenye msamaha huo. Soda inatozwa ukae au uondoke, ununue mgahawani au dukani. Ndiyo maana risiti ya kapu zima la vyakula inaweza kuwa na kodi ya senti chache tu: ni ya zile soda, sabuni na karatasi za chooni ulizochanganya humo.

Hili likutie moyo kama una ndoto ya chakula. Chapati na sambusa unazowapa watu wabebe, kwa Ohio hazina kodi. Siku utakapoweka meza na viti, walaji wa mezani watalazimika kutozwa.

Nepi za watoto, vitanda vya watoto wachanga, viti vyao vya gari na vigari vya kusukuma vilisamehewa Ohio kuanzia Oktoba 2023. Taulo za kike zilisamehewa mwaka 2020. Dawa za kuandikiwa na daktari hazina kodi. Nguo Ohio zina kodi, lakini ukivuka kwenda Pennsylvania nguo za kawaida hazina. New Jersey na Minnesota nazo zimesamehe nguo. Massachusetts imesamehe vazi mpaka dola 175, na New York inasamehe lililo chini ya dola 110. Kila jimbo limepima lenyewe nini ni lazima kwa maisha na nini kinaweza kubeba kodi, na vipimo havikulingana.

Niseme ninavyoona mimi. Kodi hii inamuumiza zaidi asiye nacho, kwa sababu mwenye mshahara mdogo anautumia wote dukani na kila dola inakatwa, na mwenye kingi anaweka akiba isiyopita kaunta yoyote. Msamaha wa chakula unapunguza machungu hayo, na ninafurahi kuona majimbo yaliyokuwa yakitoza vyakula yakilegeza. Kansas iliondoa kodi yake ya jimbo kwenye vyakula kuanzia Januari 2025. Mississippi, ambayo kwa miaka mingi ilitoza vyakula asilimia 7 sawasawa na bidhaa nyingine, ilishusha hadi 5 mwezi Julai mwaka huohuo. Tennessee bado inatoza 4. Na kitendo cha kuandika kwenye rafu bei isiyo kamili sikipendi hata leo, baada ya miaka yote ya kazi hii. Mama aliyehesabu fedha zake mpaka senti ya mwisho anastahili kujua atatoa ngapi kabla hajafika mbele ya keshia na foleni nyuma yake. Wenye maduka wanasema haiwezekani, kwa kuwa tangazo moja linasomwa kwenye maelfu ya maeneo yenye viwango tofauti. Kwa tangazo la televisheni naelewa. Kwa karatasi iliyobandikwa kwenye rafu ya duka lisilohama, sijawahi kuelewa.

Mpaka hilo libadilike, jizoeze hesabu ya kichwani: kwa Columbus, kila dola kumi ongeza senti themanini.

Mambo machache ya mnunuzi, kwa haraka. Ukirudisha kitu na kurudishiwa fedha, kodi yake nayo irudi, na risiti ya marejesho ionyeshe hivyo. Kuponi ya duka lenyewe inapunguza bei kabla ya kodi kukokotolewa. Kuponi ya kiwanda haipunguzi, kwa sababu duka litalipwa tofauti ile na kiwanda, kwa hiyo kodi inahesabiwa kwenye bei kamili. Kadi ya zawadi haina kodi unapoinunua, kodi inakuja siku inapotumika. Chakula kinacholipiwa kwa SNAP, msaada wa serikali wa kununulia chakula, hakitozwi kodi ya mauzo katika jimbo lolote, hiyo ni sheria ya shirikisho. Ukitozwa, mwonyeshe keshia palepale. Na kila mwaka kabla ya shule kufunguliwa Ohio huwa na siku za kununua bila kodi. Mwaka 2024 na 2025 zilipanuliwa, zikahusu bidhaa nyingi zisizozidi dola 500 kila moja, lakini usiweke mipango juu ya ukubwa ule ule kila mwaka. Angalia tangazo la mwaka husika.

Ndugu wakija kutembea wakauliza pale uwanja wa ndege dirisha la kurudishiwa kodi liko wapi, kama walivyozoea Ulaya, waambie serikali ya Marekani haina dirisha hilo. Kodi hii haikuwa yake, kwa hiyo haina cha kurudisha.

Kuna deni moja la mnunuzi ambalo wengi hawalijui. Ukinunua kitu kwa muuzaji asiyetoza kodi, kisha ukakitumia Ohio, sheria inakudai wewe mwenyewe kiasi kilekile. Inaitwa kodi ya matumizi. Watu wa Philadelphia wanaovuka kwenda jimbo la Delaware kununua simu na televisheni wanadaiwa na Pennsylvania kwa mtindo huo. Ohio imeweka mstari wake ndani ya fomu ya kodi ya mapato ya kila mwaka. Kwa muda mrefu watu wachache sana waliujaza, na hapo ndipo chimbuko la kesi iliyobadilisha biashara ya mtandaoni, ambayo nitaitaja sasa hivi.

Sasa tuje kwako kama muuzaji.

Mwaka 1992, katika kesi ya Quill dhidi ya North Dakota, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema jimbo haliwezi kumlazimisha muuzaji kukusanya kodi kama hana mguu ndani ya jimbo hilo, yaani duka, ghala au mfanyakazi. Wakati ule tatizo lilikuwa maduka ya katalogi za posta. Ikaja intaneti, na kwa zaidi ya miaka ishirini watu walinunua mtandaoni bila kodi, huku mwenye duka la mtaani akitoza na kupoteza wateja. South Dakota, jimbo lisilo na kodi ya mapato ya watu binafsi na linaloitegemea sana kodi ya mauzo, likatunga sheria ya kuipinga hali hiyo, na tarehe 21 Juni 2018 likaishinda kampuni ya samani ya Wayfair kwa kura tano dhidi ya nne. Tangu siku hiyo mguu si lazima. Ukiuza vya kutosha ndani ya jimbo, unahesabiwa kuwa upo. Hiyo "ya kutosha" ya South Dakota ilikuwa dola 100,000 au mauzo 200 kwa mwaka, na majimbo mengi yakaiga. Ndiyo laki moja aliyokutajia rafiki yako.

Angalia sana hayo mauzo 200. Mtu anayeuza magauni ya dola 150 atachukua muda kuyafikia. Anayeuza vilemba vya dola 15 anayafikia akiwa na dola 3,000 tu mkononi. South Dakota yenyewe iliiondoa hesabu ya mauzo 200 mwaka 2023 na majimbo mengine yameiondoa pia, lakini baadhi bado wanayo, Minnesota ikiwamo. Kwa hiyo kwenye daftari lako usiandike fedha peke yake. Andika na idadi ya mizigo kwa kila jimbo.

Kwa wateja wako wa Minnesota, habari ni njema maradufu: nguo hazitozwi kule. Ila usije ukadhani kila kilichoshonwa kwa kitenge ni nguo. Mkoba na vito vya kuvaa vinahesabiwa kama mapambo, na vina kodi. Texas nguo zina kodi, lakini kwa mauzo yako haya ya sasa huna wajibu wa kuwatoza, kwa kuwa huna mguu kule na dola laki tano ziko mbali. Mteja mwenyewe ndiye anayebaki na deni la kodi ya matumizi kwa jimbo lake.

Mguu, hata hivyo, haujafutwa. Ukipakia magauni kwenye gari kwenda kuuza kwenye tamasha Indianapolis au Louisville, siku hiyo una mguu kule, hata ukiuza gauni moja. Waandaaji wa matamasha mara nyingi wanakuuliza namba ya kodi kabla hawajakupa meza. Uliza mapema, majimbo mengi yana kibali cha muda kwa wauzaji kama hao.

Kwa Ohio, unachohitaji ni leseni ya muuzaji, na inatolewa kwa kaunti unayofanyia biashara. Unaweza kuiomba kwa mtandao au kwa ofisi ya mkaguzi wa kaunti. Kama unazunguka kwenye masoko na maonyesho ya kaunti mbalimbali, kuna leseni ya muuzaji wa kuhamahama inayofaa jimbo zima. Baada ya hapo unatuma taarifa kila mwezi au mara mbili kwa mwaka, kadiri jimbo litakavyokupangia, na tarehe ya mwisho ni 23 ya mwezi unaofuata kipindi chako. Hata kama hukuuza kitu, tuma taarifa ya sifuri. Wauzaji wadogo wengi wanaopata barua za faini hawakuiba chochote, walinyamaza tu kwa sababu hawakuwa na mauzo. Ukituma na kulipa kwa wakati, Ohio inakuachia asilimia 0.75 ya kodi uliyokusanya kama ahsante ya usumbufu. Ni senti, lakini ni zako kihalali.

Kiwango gani utoze? Ohio kwa muuzaji wa ndani anayemtumia mteja wa ndani, inatumika kodi ya mahali agizo lilipopokelewa. Ukiwa Columbus ukatuma gauni Cincinnati, unatoza asilimia 8 ya kwako. Ukija kufikia kiwango cha jimbo jingine, huko utatoza kiwango cha anakokaa mteja, na hapo utahitaji programu ya kukokotoa, usihangaike na kalamu. Gharama ya kusafirisha gauni unayomtoza mteja wa Ohio nayo inaingia kwenye hesabu ya kodi. Gauni dola 60 na posta dola 10, kodi ni ya dola 70.

Etsy, Amazon, eBay na masoko mengine ya mtandaoni yanatoza wenyewe katika majimbo yote yenye kodi ya mauzo. Missouri ndilo lililokuwa la mwisho kupitisha sheria hiyo, ikaanza Januari 2023. Weka mauzo hayo kwenye ukurasa wake. Ukiyachanganya na ya majirani, utajikuta unalipa mara mbili, na sijaona mtu aliyepata usingizi akifukuzia marejesho ya namna hiyo.

Halafu kuna faida moja ambayo wauzaji wetu wengi wanaiacha mezani. Ukishakuwa na leseni, unaponunua vitenge, nyuzi, zipu na vifungo vitakavyoishia ndani ya gauni la kuuza, unampa muuzaji cheti cha msamaha naye hakutozi kodi, kwa sababu wewe si wa mwisho. Kwa vitambaa vya dola 1,000 kwa asilimia 8, hizo ni dola 80 zinazobaki kwenye biashara. Lakini cheti ni cha vitu vya kuuza tu. Ukikata doti moja ujishonee mwenyewe kwa ajili ya harusi, hapo umekuwa mnunuzi wa mwisho, na kodi ya kitambaa kile unaidaiwa. Vivyo hivyo taa ya kusomea au kiti cha kukalia huwezi kukipitisha kwenye cheti. Ushuru wa forodha kwa mizigo inayotoka Tanzania ni jambo jingine kabisa, ni la serikali kuu, na tangu ule msamaha wa mizigo ya chini ya dola 800 usitishwe mwishoni mwa Agosti 2025, uuhesabu kwenye gharama zako. Cheti cha Ohio hakiugusi.

Na wateja wakikuomba uwaachie bila kodi wakilipa taslimu? Watakuomba, tena ndugu wa karibu ndio wa kwanza. Unaweza kupanga bei ya gauni iwe dola 60 kamili na kodi ikiwa ndani, mradi umwambie mteja hivyo na risiti ionyeshe. Hapo gauni ni dola 55.56 na kodi ni dola 4.44. Kutoza au kutotoza, jimbo litakudai. Kwa hiyo ukimsamehe jirani kodi, umempa zawadi kutoka mfukoni mwako, na ni vizuri ujue kuwa ndivyo ulivyofanya.

Nikueleze lililompata mteja mmoja niliyemsaidia hesabu zake, mwanamke mchapakazi, mshonaji kama wewe. Alitoza kodi kwa uaminifu kwa takribani miaka miwili. Fedha zikawa zinaingia akaunti moja na za biashara, na miezi ilipokuwa migumu akazitumia: pango la nyumba, ada ya mdogo wake kule nyumbani. Alikusudia kurudisha. Barua ilipokuja, deni lilikuwa na riba na adhabu juu, na kwa kuwa fedha zile ni amana, sheria ya Ohio inamfuata mhusika mwenyewe hata akiwa amesajili kampuni. Tuliomba mpango wa kulipa kidogo kidogo, akamaliza, lakini mwaka ule hakushona kwa furaha. Tangu hapo kila ninayemsaidia namwambia afungue akaunti ya pili siku anayopata leseni, na kila Ijumaa ahamishie humo kodi ya wiki. Isionekane kwenye salio analoangalia anapotaka kununua kitambaa.

Kwa magauni uliyokwisha kuwauzia majirani bila kutoza, usinyamaze na usianze upya kama vile hayakuwepo. Kusanya risiti, ujumbe wa simu, na rekodi za kutumiwa fedha, uorodheshe tarehe na bei. Omba leseni kwa kutaja tarehe uliyoanza kuuza kweli, halafu tuma taarifa za vipindi vilivyopita na ulipe kodi yake. Kwa miezi tisa ya mshonaji mmoja, deni halitakuwa la kutisha, na anayejitokeza mwenyewe kabla ya barua kumfikia anapokelewa tofauti na anayetafutwa. Sofa na meza uliyouza ulipohama chumba haviingii humo. Mtu akiuza vitu vyake alivyotumia, mara moja moja, Ohio haitozi.

Nitumie jumla ya mauzo ya kila mwezi tangu uanze, ukitenga ya majirani, ya Etsy na ya nje ya jimbo. Nikiyapata kabla ya wiki ijayo kwisha, tutakaa pamoja kwa simu tujaze ile taarifa ya kwanza.